Jina la Mama Mkwe

Kijiwe cha kahawa cha Istahil pale Kiwanjani hakihitaji kuelekezwa, fuata tu harufu ya tangawizi. Benchi lenyewe ni ubao wa lori la ng'ombe lililokufa zamani, umelazwa juu ya mawe mawili, na kila mtu ana pahali pake. Upande wa ukutani hukaa Mbae muuza miraa, jina la kijiweni Kifungu, kwa sababu kila neno lake lina kifungu cha sheria alichokitunga mwenyewe. Katikati ni Adano, dalali mstaafu wa mbuzi, ambaye kila mtu humwita Redio. Mwishoni ni Mzee Guracha, na Jumanne hiyo kahawa yake ilikuwa inapoa bila kuguswa. Ploti yake, ile yenye lango la bati la bluu ng'ambo ya njia, korti ilikuwa imempa bwana mmoja aliyekuja na hati mpya. Karatasi za rufaa zilitakiwa kufika kortini kabla ya saa kumi jioni. Miaka arobaini na tisa amelala pale, na sasa ilikuwa saa saba.

— Hebu rudia, Mzee, alisema Mbae. Uliulizwa nini kortini?

— Niliulizwa nani alinipa ploti. Nikasema mama alinipa.

— Mama gani?

— Yule.

— Si unaona! Mbae alijipiga paja. "Yule" si ushahidi! Hakimu aliandika kwamba shahidi hamjui aliyempa ploti. Na jaji wa rufaa haiti watu waanze kuongea upya. Anasoma faili. Faili yako iko na "yule" peke yake!

— Wewe Mmeru, wacha maneno mingi, alisema Adano. Unataka mtu ataje jina la mama mkwe wake mbele ya watu? Kwetu hiyo haiwezekani. Hata umpige.

Guracha alitazama lango la bluu. Mama yule alikuwa amemzaa Sadiya, mke wake. Miaka yote waliyoishi boma moja Guracha hakuwahi kutaja jina la mama huyo wala kula mbele yake. Kila asubuhi mama alipotoka langoni na kibuyu cha maziwa, Guracha alitoka njiani, akajifunika uso kwa shuka, akangoja. Mama naye alivuta mtandio wake, akapita haraka. Walipendana sana hao wawili, na hawakuwahi kuonana vizuri. Hata ploti aliitoa kupitia kwa binti yake: mwambie huyo mtoto ajenge. Wallahi, siku hizo zilikuwa na utamu wake.

Kilichomuuma ni kingine. Siku ya kesi Sadiya alikuwa nje ya mlango wa korti, na chupa ya chai mapajani. Angeitwa ndani angelitaja jina la mamake bila shida yoyote. Guracha hakufikiria kumwita. Alimwambia tu amngoje kivulini. Na mwezi wa Rajabu Sadiya akafa.

— Mimi niko na dawa, alisema Adano. Ng'ombe za yule mama zilikuwa na chapa. Iko ngozi moja kule Korbesa, nimeiona kwa macho yangu. Ipelekwe kwa jaji!

— Na itaapa kwa nini, Kurani ama Biblia? aliuliza Mbae.

— Ngozi hiyo ilishakuwa viatu, Adeer, alisema Istahil akimmiminia Adano kahawa. Wewe mwenyewe ulivaa.

— Basi tuchimbe, alisema Mbae. Kitovu cha mtoto wa kwanza wa Mzee si kilizikwa pale mlangoni? Serikali ilete mashine, ipime udongo, udongo useme mwenyewe! Kifungu cha tisini na nne!

— Wacha hiyo, alisema Adano. Tumlete jaji hapa benchi, tumpatie kahawa mpaka alie.

Guracha alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. Hawa ndio watu waliobaki wanaolijua lile lango.

Msichana mmoja alivuka njia, faili kifuani, viatu vyeupe kwa vumbi.

— Habari zenu. Natafuta Mzee Guracha. Mimi ni Kinya, natoka kwa wakili.

— Ni mimi, mama. Kaa.

— Sikai, Mzee, muda umeisha. Tunaomba jaji aturuhusu kuongeza ushahidi ambao haukutolewa mara ya kwanza. Nimeandika ile sababu yako ya heshima. Daftari la zamani la kaunsili limepatikana, lina majina ya wote waliopewa ploti hapa zamani. Anaweza kukataa, lakini lazima tujaribu. Nimebakisha kitu kimoja tu. Huyo mama mkwe wako aliitwa nani, tumtafute humo?

Wakatazamana.

— Tulimwita Ako, alisema Mbae. Nyanya.

— Ako, alisema Adano.

— Hata mimi, Ako tu, alisema Istahil.

Mbae aliinamisha kichwa. Gunia lake la kwanza la miraa aliliuzia mlangoni kwa mama yule, akiwa hana hata pa kulala. Alikunywa maziwa yake miaka mingi na hakuwahi kuuliza jina. Aliona aibu, na mtu huyu si wa kuona aibu.

Wote wakamtazama Guracha. Pale benchi alikuwa yeye peke yake anayelijua.

— Nipe kalamu, alisema mwishowe.

Herufi alizijulia ukubwani, kwenye ngumbaru, na nyumbani Sadiya alimshika mkono jioni baada ya jioni. Aliandika pole pole, jasho likimtoka, kisha akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

Kinya hakujua kwamba hata kulisikia jina hilo ni mwiko. Alifanya kama alivyofundishwa ofisini: alisoma kwa sauti ili asikosee.

— Abiba Elema Ganya. Ni sawa, Mzee?

Guracha alikuwa ameshasimama. Alitoka njiani, akageukia ukuta na kujifunika uso kwa shuka. Adano alivua kofia. Birika la Istahil likabaki hewani.

— Mzee? Nimesoma sawa?

— Ngoja kwanza, mama, alisema Guracha ndani ya shuka. Ngoja apite.