Filamu Sitini na Mbili za Mzee Theophil

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, Mzee Theophil Lyatuu anastaafu baada ya miaka thelathini na miezi minane katika hifadhi ya filamu ya chuo chetu hapa Minneapolis. Mkuu wa idara, Bernardine, ameshamwandikia mistari sita ya Kiingereza. Ukurasa huu wa Kiswahili nimeuomba mimi, Haika, karani wa kumbukumbu, kwa sababu mistari sita haitoshi.

Alianza Septemba 1995 kama mpokea mizigo. Mwaka haukuisha akawa fundi: anakagua mikanda, anaifuta vumbi, anaunga palipokatika. Alizozienzi kuliko zote ni zile filamu za kauboi walizotengeneza Waitalia miaka ya sitini na sabini, alizozipenda tangu yuko Moshi. Tulikuwa nazo sitini na mbili. Wanafunzi wakicheka kwamba midomo na sauti haviendi pamoja, aliwaeleza kuwa kila mwigizaji alisema lugha yake, sauti zikabandikwa baadaye. Ni kama kikao cha Waafrika Mashariki pale mtaani Phillips, alisema, na bado mambo yanakwenda.

Namkumbuka akikosea mara moja tu. Mwaka 2003, akiwaonyesha watu filamu moja ukumbini, alitanguliza mkanda wake wa nne kabla ya wa tatu. Adui akauawa, kisha akarudi juu ya farasi, mzima wa afya. Ukumbi ulipiga makofi, na profesa mmoja akausifu ubunifu huo. Theophil hakumsahihisha, ila sisi alituchekesha kwa kisa hicho miaka ishirini.

Februari mwaka huu idara iliamua chumba cha mikanda kigeuzwe ukumbi wa mikutano. Filamu zile zikatwekatwe na kutupwa, maana mkataba haukuruhusu mtu binafsi kuzichukua. Theophil akaiandikia hifadhi ya jimbo jingine izipokee. Fomu ya kuziharibu ilihitaji sahihi mbili, ya mkuu na yangu. Akaja mezani kwangu: "Mdogo wangu, usi-submit kwanza hiyo fomu. Nipe wiki moja tu."

Siku hiyo Bernardine alinipigia simu mara mbili akiitaka fomu. Niliogopa kazi yangu, nikasaini.

Vibarua walipokuja na mashine, Theophil aliwazuia. Alisema mgonjwa uliyemuuguza humwachii mgeni kumzika. Akakata mwenyewe, siku tatu, mikanda aliyoiunga kwa mkono wake. Siku ya nne jibu likaja: wangezichukua zote. Alilichapisha, akaliweka mezani kwangu. Mpaka leo ananisalimia vizuri, na hilo linaniuma kuliko kama angenitukana.

Keki itakuwepo saa nane mchana. Mwenyewe amesema hatakuja, na simlaumu. Chumba chenyewe hakijafanyiwa mkutano hata mmoja.

Mzee Theophil, asante kwa kazi uliyoifanya kwa heshima mahali ambapo heshima haikurudishwa. Wote tunakutakia afya njema na maisha mema huko kitongojini Crystal. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja uliniomba kitu kimoja tu, nami nikakunyima.