Ngumi Niliyomwonyesha Rollie

Zima sauti ya hiyo televisheni, Jo, picha iache. Na wewe Clay, vuta kiti uje upande huu, upande wa sikio linalosikia, uiweke simu yako mezani mahali ninapoiona. Nina maneno ya kuwaachia. Muuguzi aliyeondoka mchana hakuniambia zimebaki siku ngapi, lakini nilimwona alivyolikunja blanketi, na mimi nimekuwa kocha miaka thelathini na minne, ninaijua hatua ya mtu anayetoka kwenye chumba cha timu iliyokwisha kufungwa.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ni yenu wawili. Msiiuze kabla ya kulitengeneza paa upande wa karakana, na mnunuzi akiuliza kama linavuja mwambieni ndiyo, linavuja, kwa maana nimeshadanganya watu vya kutosha. Gari langu ni la Jo. Pete ya ubingwa sina, mnajua. Miaka tisa niliwafundisha Wahunzi wa Port Corliss na hatukuwahi kucheza hata mechi moja mwezi wa Januari, mwezi wa mchujo wa ubingwa; wenzetu walipocheza sisi tulikuwa tunazoa theluji kwa koleo. Nizikeni kando ya mama yenu, bila bendera ya timu. Akija mtu wa ofisini na bendera, mpeni kahawa, kisha mpeni na bendera yake arudi nayo.

Sasa la Clay, na ndilo lililonifanya nikatae sindano ya saa kumi.

Jumatano ulisimama jikoni ukiongea na simu, ukadhani dawa imenilaza. Ukuta ule ni mbao tupu, mwanangu, niliujenga mwenyewe. Nilikusikia, wewe kocha wa Wahunzi wa leo, ukimwambia msaidizi wako, "Nitamwanzisha dogo Jumapili. Brandt akipoteza, nimepoteza mimi. Dogo akipoteza, watasema ni mwaka wake wa kwanza, mpeni kocha muda amlee." Kisha ukacheka. Ukacheka kicheko changu, kile cha puani, na mimi hapa kitandani nikajihisi nimefufuliwa nikawekwa jikoni nikiwa na miaka hamsini.

Usinikatize. Najua mmeshinda mechi mbili na kufungwa nane. Najua mwenye timu, huyo Prentiss, alimchagua huyo dogo, Tavion Meeks, wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wapya mwezi wa Aprili na anataka kumwona uwanjani, kwa sababu ameshabandika uso wake kwenye mabango ya barabara kuu. Najua mashabiki wanaliimba jina lake kila Brandt, mrushaji wako mkongwe, anaporusha mpira chini. Yote hayo ninayajua, na ninajua na lingine ambalo wewe unalijua kuliko mimi: katika wale wanaume watano wanaosimama mbele ya mrushaji kumkinga, watatu wamevunjika. Upande wa kushoto, upande wa kisogo chake asikoona, umemweka mtu aliyekuwa akiuza bima mwezi wa nane. Brandt ana miaka thelathini na sita, anausoma mchezo kabla haujaanza, akiona hatari anautupa mpira nje na kulala chini kama mtu anayeingia kitandani. Yule kijana ana ishirini na mmoja. Atasimama. Watoto wazuri husimama, wakingoja mtu afunguke mbele, wanasimama mpaka adui wanawafikia.

Jo, nipe kipande cha barafu. Asante, mama.

Nisikilizeni basi, wote wawili, maana hili hata mama yenu alikufa bila kulijua. Mwaka wa themanini na tatu nilikuwa na mrushaji anaitwa Rollie Szymanski. Mnamkumbuka. Jo, wewe ulikuwa na miaka kumi na sita na ulimpenda kama wasichana wote wa mji huu, na ukidhani sikujua, nilijua. Alikuwa mtoto wa fundi wa kuchomea vyuma, ana mkono kama mjeledi na mdomo mchafu wa utani. Mimi tayari nilikuwa nimefungwa mechi saba. Watu wakinipigia kelele hata kanisani, "Vernon, bibi yangu ana mguu mmoja na angekushinda!" Na mwenye timu wa wakati ule aliniita akaniambia kwa upole, jamani, upole ule, "Tuonyeshe kijana, Vernon. Tupate cha kutumaini." Nikaelewa kwamba nikimwanzisha Rollie nitapata mwaka mwingine wa kazi. Nikamwanzisha, na ukuta wangu wa wachezaji wa kumkinga ulikuwa mbovu kama huu wako.

Na sikuishia hapo. Mrushaji, akishasimama nyuma ya wenzake na kuona adui wamejipanga vibaya, ana haki ya kubadilisha mchezo palepale, kwa kupiga kelele neno moja. Hiyo ni haki ya kazi yake, kama dereva alivyo na breki. Rollie alibadilisha mara moja, katika mechi yake ya pili, mpira ukanyakuliwa, tukafungwa. Jumanne nikamwita mbele ya timu nzima nikamnyang'anya haki hiyo. Nikamwambia, "Kuanzia leo ukiona kitu, unanitazama mimi. Nikikunja ngumi, unacheza nilichoagiza." Akacheka, akasema, "Sawa, Kocha, ila ukikunja ngumi kisha nikafa, usile sandwichi zangu." Wenzake wakacheka sana. Mimi sikucheka. Nilimpa mizunguko kumi ya uwanja.

Jumapili ile mvua ya ziwani ilikuwa inanyesha kwa ubavu. Robo ya tatu, jaribio la tatu, zimebaki yadi kumi na moja za kusonga mbele. Niliagiza pasi ndefu, ile inayomtaka arudi nyuma hatua saba na kungoja. Rollie akasimama, akatazama kushoto, akaona watu wanne wa adui wamesogea upande wa kisogo chake ambako sisi tulikuwa na mtu mmoja, na huyo mmoja anachechemea. Aliwaona, Clay. Aliwaona kabla yangu. Akageuza uso benchi akanitazama, akagusa helmeti kwa vidole viwili, ndiyo ishara tuliyokubaliana, maana yake, Kocha, niruhusu. Na mimi nikawaona wale wanne. Naapa kwa jina la mama yenu niliwaona. Lakini nilikuwa nimeshamwambia mbele ya watu hamsini kwamba neno langu ndilo la mwisho, na nyuma yangu waandishi walikuwa wanatazama, na nikafikiri, nikimruhusu sasa, ni nani kocha hapa?

Nikakunja ngumi.

Alirudi hatua saba kama nilivyomfundisha. Bega lilitoka na goti likageuka, vyote kwa pigo moja, na ule mlio... wachezaji wa pande zote mbili walipiga magoti. Hakurusha tena mpira wa kulipwa maisha yake yote.

Baada ya mechi wakaniuliza, "Kocha, nini kimetokea?" Nikawajibu, na nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, mkono hautetemeki, "Kijana hakuwaona. Tumemfundisha wiki nzima awatafute. Hakuwaona." Likaandikwa. Mpaka leo wakimtaja, wanamtaja hivyo, mtu ambaye hakuwaona. Kijana ambaye ndiye peke yake, katika uwanja wa watu sitini elfu, alikuwa ameomba ruhusa ya kujiokoa.

Kulikuwa na ushahidi. Siku hizo mechi zilirekodiwa kwenye filamu, na kamera yetu moja ilikaa juu nyuma ya goli, mkanda wake haukuonwa na mtu ila makocha. Humo Rollie anagusa helmeti, na ukingoni mwa picha ngumi yangu inaonekana, ndogo, nyeusi. Jumatatu niliwahi ofisini kabla ya wasaidizi, nikachukua mkasi na gundi tuliyounganishia mikanda, nikakata sekunde sita. Walipotazama, picha iliruka. Hakuna aliyeuliza. Wasaidizi wangu walikuwa wanaume watu wazima, wote waliona ikiruka, wote wakaangalia viatu vyao, na wawili kati yao baadaye wakawa makocha wakuu.

Wewe Clay ulikuwa darasa la tano. Mtoto mmoja alikwambia baba yako ndiye mjinga, mkapigana, ukarudi nyumbani na jino lake mkononi. Nikakupongeza. Nilikukalisha kwenye goti langu nikakuambia umelitetea jina letu. Umeishi juu ya jino lile miaka yote hii, mwanangu, na mimi nilikuacha. Jo akapanda basi kwenda hospitali kwa Rollie na keki ya ndizi, mimi nikamgombeza kwamba anachanganya kazi na utoto. Mimi sikwenda. Sikwenda siku ile, sikwenda kesho yake, wala miaka iliyofuata, na yeye yuko hapa hapa mjini, anauza matairi Barabara ya Kumi na Nne.

Tulikutana mara moja, dukani, kwenye foleni. Alikuwa na mvi, anainua mkono kwa shida. Akasema, "Kocha! Mama wa nyumbani hajambo?" Akanibebea mfuko mpaka garini. Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Akaweka mfuko chini taratibu. Akaniambia, "Ningesema kwa nani? Mikanda si iko kwako?" Halafu akanifungia mlango wa gari kwa heshima, na heshima ile, wanangu, imenila kuliko hii saratani.

Basi huu ndio urithi wenu. Sekunde sita ziko kwenye bahasha, kwa wakili, pamoja na barua yenye sahihi yangu. Siku ya mazishi Jo atazipeleka kwa Rollie, mkononi, azifanyie atakavyo, na akitaka kuzipeleka magazetini asizuiwe na mtu. Clay, jina utakaloachiwa litakuwa na ngumi ndani yake. Najua unavyonitazama. Nilikuwa nikitazamwa hivyo na wachezaji niliowafukuza.

Na agizo langu kwako ni moja. Jumapili mpange Brandt. Mtafungwa, ndiyo. Prentiss atakufukuza kabla ya Krismasi, na sikufariji kwa hilo, utafukuzwa vibaya, utalisikia redioni ukiwa kwenye gari, na vijana uliowalea watabadilisha namba zao usiwapate. Utaenda kufundisha shule fulani huko mashambani, utakula chakula baridi kwenye basi la njano. Nenda. Nenda ukale. Mimi nilipata ule mwaka mmoja nilioununua kwa kumuuza Rollie, nikashinda mechi nne, wakanifukuza vilevile. Mechi nne, Clay. Siikumbuki hata moja.

Simu yako. Inatingishika. Soma jina. Prentiss? Ipokee hapa, mbele yangu, ukiwa umenishika mkono... Haya, nenda nayo kibarazani, kama hutaki niisikie. Nenda.

Jo, nyanyua mto. Zaidi kidogo. Nataka kumwona kupitia kioo cha dirisha. Anatembea. Anakwenda, anarudi... mimi nilikuwa nikitembea vile. Anatikisa kichwa. Hiyo ni ndiyo au hapana? Macho yangu hayashiki midomo yake. Wewe unamwona? Usinifichie, wewe hukuwahi kunifichia kitu, ndiyo maana nilikukwepa. Barafu... hapana, acha. Kinywa kimechoka.

Amerudi. Funga mlango, baridi inaingia. Sema, Clay. Sema kwa sauti, sikio hili.

"Nimeshamwambia, Baba. Anaanza Tavion."

Ah.

Umesema vizuri. Hukutetemeka.

Usilie sasa, hilo halimsaidii mtu. Keti. Sikulaani. Nani angenisikia nikilaani, na mdomo huu? Nakubariki, na hiyo ndiyo adhabu niliyo nayo. Uishi maisha marefu, mwanangu. Uwe na kumbukumbu nzuri. Watoto wako wakupende, na wakuulize... wakuulize mambo ya uwanjani. Jo, wewe nakubariki bila neno la pili. Ulipanda basi. Mungu na akuhesabie basi lile.

Njoo karibu, Jo. Karibu zaidi. Sina pumzi ya kurudia.

Mama yake Tavion... mlikaa pamoja jukwaa la familia, mwezi wa tisa. Unayo namba yake. Mpigie leo. Leo hii, kabla sija... Mwambie ni agizo la mzee Vernon, alifundisha hapa zamani. Amwambie mwanawe, akisimama Jumapili, akiwaona wanne wanasogea kisogoni, abadilishe mchezo. Apige kelele neno lake. Au autupe nje. Au alale chini, wamzomee.

Mwambie... asigeuze uso benchi kuomba ruhusa.

Mwambie asimtazame mwanangu.