Bwana Shamba Abrahamu Shechambo na Mahindi Yaliyogeuka Meupe Juani

Marehemu Abrahamu Shechambo alizaliwa hapa Mtae tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa tatu wa Mzee Fanueli na Mama Secilia. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huo.

Alisoma shule ya misheni, kisha shule ya kati Lushoto. Huko alichapwa kwa kung'oa kabichi za mwalimu mkuu ili aone kama mizizi nayo ni ya kijani. Haikuwa, na alituambia hivyo mpaka uzeeni bila kujuta.

Mwaka 1950 alihitimu kozi ya kilimo akawa bwana shamba. Tarehe 8 Novemba 1952 alifunga ndoa na mama yetu Bertha, wakajaliwa watoto watatu: mimi Raheli ninayesoma, Mikaeli na Kristofa.

Mwaka 1971 alipewa kazi ya kuchagua mbegu za shamba la ujamaa. Alizijaribu kitaluni chini ya migomba, miche ikaota kijani, akaziidhinisha. Zilipopandwa kwenye uwazi, karibu mche mmoja katika kila minne ulikuwa mweupe kama karatasi, na baada ya wiki mbili miche hiyo ilikuwa imekufa. Mzee Selemani, mmoja wa wakulima wa shamba hilo, alimfuata shambani.

"Bwana shamba, mbegu hii umeitoa wapi? Mimi nina watoto saba."

"Shikamoo, mzee. Kosa ni langu."

Hakulala vizuri tena. Aliwauliza wataalamu, akajifunza kwamba ndani ya jani la kijani mna rangi ya njano, jamaa ya ile ya karoti, iliyojificha. Hiyo husaidia jani kupokea mwanga, na huukinga ukijani usiunguzwe na jua. Mche uliorithi kasoro kwa baba na kwa mama hauna njano hiyo: kivulini unakudanganya, juani unakufa. Uliorithi upande mmoja tu hustawi na kuzaa mahindi mazuri, nayo hubeba kasoro ile ile. Kwa macho huwezi kuyatambua.

Tangu hapo kila hindi la mbegu alilijaribu juani kwanza. Lililofaulu alilifunga kamba ya mgomba, akalitundika juu ya moshi wa jikoni pamoja na yale yaliyokuwa yakingoja kujaribiwa, yasiyo na kamba.

Mwezi Agosti mwaka huu alianza kuumwa kifua. Alilazwa hospitali ya Bumbuli, na kila nilipomwona aliuliza, "Raheli, mahindi hayajaguswa?" Nilimjibu hayajaguswa. Alifariki Jumanne, tarehe 2 Novemba 1976.

Ndugu zangu, juzi yaliguswa. Shangazi Jenoveva na wenzake, kwa upendo, waliyashusha wafagie masizi. Kwa kuwa ukoo wetu humpa kila mfiwa hindi la mbegu la marehemu, waliyafunga yote kamba ya mgomba yapendeze. Mengine yameshaondoka na wageni wa jana. Mvua za vuli zimeanza, nami naogopa. Nawasihi: pandeni punje ishirini kwanza, juani, si chini ya migomba. Ukiota hata mche mmoja mweupe, hindi hilo liliwe, halina sumu, ila lisipandwe. Waliokwisha kuondoka wafikishieni habari leo hii.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake Jenoveva, ambaye tafadhali asilaumiwe.

Baba apumzike kwa amani. Sisi tutapumzika miche ikishaota.