Nusu Yako, Nusu ya Njia

Wasikilizaji wapendwa wa Redio Breza, punguzeni moto chini ya sufuria, vuteni viti. Leo sina muziki wa kufungulia. Tangazo la msiba mmeshaliona kwenye mlango wa duka la mikate, kwenye nguzo za taa, kwenye geti la zahanati. Picha ni ya zamani kidogo, anatabasamu upande mmoja. Daktari Zornitsa Karamfilova ametutoka. Narudia, kwa anayesikiliza kwa sikio moja: Daktari Zornitsa, daktari wetu wa hapa Dolna Breza, amefariki Jumapili asubuhi baada ya kuugua saratani ya damu. Mazishi ni kesho adhuhuri. Mungu amsamehe.

Koo hili mnalolisikia amelitibu yeye. Kila majira ya baridi aliniambia, "Boyan, nyamaza siku mbili tu, utapona." Nami kila mwaka nikamjibu kwamba mtangazaji akinyamaza siku mbili halipwi mshahara. Hatukuwahi kuafikiana.

Mnadhani nitaanza na shahada zake. Hapana. Naanza na mtihani alioanguka.

Zornitsa alimaliza sekondari akiwa wa kwanza. Akaenda mji wa Plovdiv kufanya mtihani wa kuingia udaktari, biolojia na kemia. Akaanguka. Mji wetu mnaujua. Kufika jioni, hata muuza mbegu za alizeti pale stendi alikuwa anazijua alama zake.

Jana nilikwenda kwa mama yake, Mama Veselka, fundi cherehani wa kiwanda cha mashati. Aliniwekea kahawa, yake hakuigusa. Aliniambia: "Boyan, mwaka ule sikummwagia maji. Nilikuwa zamu ya alfajiri. Mtoto akaondoka peke yake, kizingiti kikavu. Na kila niliyekutana naye ananiuliza, Veselka, maji ulimwaga? Nilikosa pa kuweka uso."

Mnaelewa anachosema. Mtu wetu akienda mtihani, au jeshini, au kazi mpya, nyumbani humwaga maji kizingitini ili mambo yake yateleze. Wapo wanaosema hawaamini. Nao humwaga, ila wanadai wanaosha ngazi.

Basi ikawa nafasi ya pili, na nafasi ya pili ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nyumbani walishakubaliana. Akianguka tena, anaingia kiwandani na mama yake. Cherehani yake ilishapangwa, iko dirishani, imefunikwa kitambaa. Zornitsa aliiona. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye kwamba kitambaa kile kilimtisha kuliko maiti yoyote ya darasani.

Mwaka ule wa kungoja, Mama Veselka alimwambia asikae ndani kama gunia la viazi. Akaenda kujitolea kwenye nyumba ya wazee, ile iliyokuwa juu ya shule. Asubuhi anasoma. Mchana yuko kwa Mwalimu Tinkova, masomo ya ziada ya kemia. Jioni yuko kwa wazee. Anawalisha mtindi, anawakata kucha, anawasomea gazeti, na kwa kuwa hakuwa na muda wa kusoma mara mbili, akaanza kusomea palepale.

Kila mzee alipewa kiungo kimoja cha mwili cha kumhoji. Babu Mitko, polisi mstaafu, alikuwa moyo. Mpishi mmoja wa zamani alipewa ini, akanuna siku nzima. Na Bibi Tsonka, mfumaji wa mazulia, aliyevunjika nyonga na hawezi kutembea, kitanda chake kikiwa ubavuni mwa mlango, alipewa figo.

"Yaani Mitko huyu mlevi apewe moyo, mimi nipewe mkojo?" Bibi Tsonka alikuja juu.

"Bibi, figo ndiyo inayojua siri zote za mwili."

"Haya, nikuhoji. Lakini ukikosea jibu nakupiga kandambili."

Na kandambili alikuwa nayo mkononi, jamani. Zornitsa alipata kandambili nyingi za figo majira yale ya baridi. Wazee walicheka, naye alicheka, na mambo yakaenda.

Halafu yakaacha kwenda. Kufika majira ya kuchipua, alikonda. Akiwa kwa wazee anawaza kemia. Akiwa kwenye kemia anawaza nani amemlisha Babu Mitko. Kote yupo na kote hayupo. Mama Veselka anasema alimsikia akitaja mifupa ya mkono huku anaosha vyombo, na alipousahau mmoja, aliacha sahani ikaanguka, akakaa chini jikoni kulia. "Mfupa mmoja, Boyan. Alilia kama amefiwa."

Siku moja akasinzia mbele ya Mwalimu Tinkova, chupa ya asidi mkononi. Mwalimu Tinkova tuliosoma kwake tunamjua. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Binti, mimi sifundishi waliolala. Chagua. Wazee au udaktari."

"Mwalimu, wananingoja."

"Watakuwepo baada ya mtihani."

"Si wote," Zornitsa akasema.

Mwalimu hakubadili neno. Na Zornitsa akachagua. Zikiwa zimebaki wiki chache tu, aliacha kwenda. Aliwaaga haraka, amesimama mlangoni, kwa sababu alijua akikaa hataondoka. Alisema mtihani umekaribia. Lakini, wasikilizaji, shikeni jambo hili moja: hakusema ni siku gani.

Mwezi wa saba ule ulikuwa wa joto kali. Lami ilishika viatu. Zornitsa alijifungia ndani na vitabu, madirisha wazi, moyo juu. Mtihani ulikuwa asubuhi ya Jumamosi, Plovdiv. Ijumaa basi la mwisho lilikuwa linaondoka adhuhuri. Kaka yake, Lyuben, alitangulia stendi na begi. Zornitsa akasema anapita kwa wazee dakika moja, awaage, awape cheri za uani.

Dada Ginka, mhudumu wa pale, leo ni mstaafu na yuko kwa binti yake, mjini Burgas. Nilimpigia simu. Anasema siku hizo walikuwa wahudumu wawili kwa ghorofa nzima, na anaomba mlijue hilo kabla hamjamhukumu.

Zornitsa aliingia. Bibi Tsonka hakumtisha na kandambili. Alimwangalia, akamwita Yordanka. Yordanka alikuwa dada yake, amekufa siku nyingi.

"Ndivyo alivyo wiki nzima," Dada Ginka akasema. "Uzee huo. Chakula hataki, hata supu baridi ya matango hataki. Na mkojo haushiki siku hizi. Kila nikipita nakuta sakafu imelowa pale mlangoni."

"Mlangoni?" Zornitsa akauliza. "Dada Ginka, Bibi si hatembei?"

Ni swali la mtoto, na hakuna aliyekuwa ameliuliza. Zornitsa alipiga magoti kizingitini, akanusa. Hakuna harufu. Akarudi kitandani, akamfinya Bibi Tsonka ngozi ya kifuani, akaachia. Ngozi ikabaki imesimama. Ulimi ulikuwa mkavu, umepasuka.

"Maji anakunywa?"

"Mbona anakunywa! Kila nikipita glasi tupu."

Nje, basi lilipiga honi. Stendi ni hapo chini tu, mnajua. Bibi Tsonka aliposikia honi, ni kama akili ilimrudia. Akamtambua. Akachukua glasi ya maji iliyokuwa kando ya kitanda, akanyoosha mkono kadiri alivyoweza, akayatupa yote kizingitini. Mengine yakaingia kwenye viatu vya Zornitsa.

"Nenda, mwanangu. Yateleze."

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo ilipojulikana. Bibi Tsonka alisikia kwamba mwaka wa kwanza mtoto yule hakumwagiwa maji. Akaapa kwamba mwaka huu hataondoka kizingiti kikiwa kikavu. Siku yenyewe haijui. Kuuliza kila saa anaona haya, wasimwone amechanganyikiwa. Basi akawa anamwaga kila siku. Glasi ya asubuhi, kizingitini. Ya mchana, kizingitini. Ya jioni, kizingitini. Yeye akibakiza ya kulowesha midomo tu. Katika joto lile, kwa mapenzi tu, bibi yetu alikuwa anajiua.

Dada Ginka alikimbilia simu kuita gari la wagonjwa. Zornitsa alitaka maji, chumvi, sukari na kijiko. Lyuben akapanda ngazi mbio, begi begani. Nampa nafasi aseme mwenyewe, alivyoniambia jana:

"Nilifoka. Nikamwambia, mdogo wangu, basi linawasha injini! Mwaka mzima mama anashona hadi vidole vinavimba, unataka kukaa hapa na kijiko? Hakugeuka hata. Akasema, nishikie kichwa chake. Nikashika."

Sasa sikilizeni ukaidi. Bibi Tsonka alipoelewa kwamba basi linaondoka, alifumba mdomo. Kabisa. Kijiko kinagonga meno.

"Sinywi mpaka uende."

"Siendi mpaka unywe."

"Nimekuharibia njia, Yarabi. Nenda!"

"Kunywa, Bibi."

"Nenda!"

Basi likaondoka. Walilisikia wote wakiwa mle chumbani, likibadilisha gia mlimani. Lyuben anasema Zornitsa alifumba macho mpaka mlio ukaisha. Cherehani ya dirishani, nadhani, ndiyo aliyokuwa anaiona.

Kisha akafumbua. Akajaza glasi, akaishika mbele ya Bibi Tsonka.

"Sawa. Tugawane. Nusu yako, nusu ya njia. Usipokunywa yako, yangu haina kazi."

Bibi Tsonka alimwangalia sana. Alikuwa mfanyabiashara wa mazulia pia, bei nzuri aliijua akiiona. Akafungua mdomo. Kijiko kwa kijiko, nusu ya glasi ikaingia. Nusu nyingine Lyuben akaenda kuimwaga kizingitini, kwa heshima zote, begi bado begani. Wakajaza nyingine. Nusu yako, nusu ya njia. Waliendelea hivyo mpaka gari la wagonjwa likafika, na ukumbi mzima ukawa umelowa, na Babu Mitko anapiga kelele kutoka chumba cha pili kwamba moyo nao una kiu.

Zornitsa alifika Plovdiv kwa gari la jibini. Lyuben alimsimamisha dereva barabarani, akakaribia kumpigia magoti. Asubuhi yake akakaa kwenye chumba cha mtihani ananuka jibini la kondoo, viatu havijakauka.

Mnataka niseme alikuwa wa kwanza. Hakuwa. Orodha ya kwanza ya waliochaguliwa ikatoka, hayupo. Orodha ya pili, hayupo. Mama Veselka alikuwa ameshaomba ruhusa ya kumwonyesha kazi kiwandani. Orodha ya tatu, mtu mmoja aliyepata nafasi akaiacha, na jina la mwisho kabisa, chini kabisa ya karatasi, likawa Karamfilova. Bibi Tsonka, aliyekuwa amesharudi kitandani kwake anakunywa kama ngamia, alitangaza kwamba ni maji yake. Alitangaza hivyo mpaka Zornitsa alipofika mwaka wa pili, na hapo bibi akaenda zake. Mungu amsamehe.

Sasa mnajua maana ya lile jagi la maji la mezani kwake. Nyote mliopita kwa Daktari Zornitsa mnalijua. Hata umekwenda na jipu, kwanza unakunywa glasi ya maji mbele yake. Na ukimwambia una mzee nyumbani, hakuulizi kama glasi iko tupu. Anakuuliza, "Ulimi wake umeuona?"

Majira ya baridi yaliyopita alipokuwa anakwenda Sofia kwa matibabu ya mwisho, tulijaa nje ya nyumba yake na ndoo, mitungi, chupa. Tulitisha. Lyuben alishindwa kutoa gari bila kutumwagia ndoo zetu. Daktari alishusha kioo, kichwa kimefungwa kitambaa, uso umebaki macho. Tukadhani anaaga.

"Mmekunywa kwanza?" akauliza.

Hatukuwa tumekunywa. Hata mmoja. Mnakumbuka tulivyoangaliana? Akangoja, kwenye baridi ile, kioo wazi, mpaka kila mtu akanywa. Ndipo akamwambia Lyuben, twende.

Safari ile haikuteleza. Nina hasira nayo, nami sifichi.

Mama Veselka, Lyuben, ukoo wote wa Daktari, tunalia pamoja nanyi. Hakuna aliyebaki mkavu mji huu. Mama, usijiulize tena kuhusu kizingiti cha mwaka ule.

Na ninyi mnaonisikiliza, kabla ya kutafuta nguo nyeusi za kesho, nendeni chumba kile cha nyuma, alikolala mama mkwe, au babu, au jirani ambaye mwanawe yuko ughaibuni. Msiangalie glasi. Mwambieni atoe ulimi. Akiwatukana, vizuri, ana mate.

Kesho adhuhuri, kanisani. Kila mtu aje na glasi yake. Mimi siwezi kungoja kesho. Hapa mbele yangu kuna maji, mnasikia? Hii ni nusu yangu.

Sasa nasimama, nafungua mlango wa studio. Fundi wetu ananipungia mikono kuhusu nyaya zake. Ni nusu glasi tu, bwana. Ya njia.