Mama wa Kwenye Tangazo

Kijiwe cha Mansuri kiko Msamvu, kwenye uchochoro wa nyuma ya stendi: benchi moja la mbao, jiko la mkaa, dele la kahawa na sahani ya kashata. Mansuri anamimina, Elia fundi viatu anashona soli huku anabisha, na mzee mmoja mstaafu wa serikali, aliyebandikwa jina la Takwimu kwa kuwa kila hoja yake ina asilimia, anakaa mwisho wa benchi akitoa hukumu. Wa nne ni Stefano, ambaye wote wanamwita Spika. Ana sauti nzito, tamu, na wenye maduka humtafuta awarekodie matangazo. Alasiri hiyo alikuwa amekaa kifua mbele, maana ng'ambo ya njia, kwenye duka jipya la nguo la Yasmin, sauti yake ilikuwa ikijirudia tangu asubuhi:

"Mama! Umefika hamsini, kioo umekigeuzia ukutani? Unavaa gauni gizani usijione? Kigeuze, mama! Njoo kwa Yasmin! Madira, suti za kitenge, magauni ya harusi, saizi zote mpaka mwisho wa tepu!"

– Spika, hapo umeua, alisema Elia. Kuvaa gizani! Umeyatoa wapi hayo?

– Kichwani, kaka. Kipaji.

Haikuwa kweli. Wiki tatu nyuma, walipokuwa wakijiandaa kwenda harusini Turiani, mkewe Rahel, mwalimu wa shule ya msingi kule Kihonda, alikaa ukingoni mwa kitanda, zipu ya gauni imegoma katikati ya mgongo. Akasema taratibu, "Baba Jesca, usicheke. Siku hizi navaa gizani. Kile kioo nimekigeuzia ukutani." Stefano hakucheka. Alimshika mkono, akamwambia bado ni mzuri, na alimaanisha. Lakini siku chache baadaye, akiwa mbele ya maiki hana la kusema, maneno yale yalimjia yenyewe, na Yasmin akapiga makofi. Stefano akajiambia kwamba Rahel hapiti njia hii. Hatajua.

– Mimi nasema kosa ni la kioo, alisema Elia. Vioo vya siku hizi vinanenepesha. Mteja wangu mmoja alijitazama dukani, akatoka analia.

– Kioo hakina kosa, alisema Takwimu. Ni mji huu. Tumekaa chini ya mlima, Uluguru unatubania hewa, mwili unaumuka kama andazi. Asilimia sabini ya wamama wa Morogoro wameumuka kwa sababu ya mlima.

– Na wale wanaoishi huko huko mlimani, mbona wembamba?

– Wao wako juu ya hewa, bwana! Sisi tuko chini yake.

Mansuri alitikisa kichwa.

– Hamjui kitu. Ni wenye viwanda. Wanashona gauni dogo, wanabandika lebo kubwa. Mama akivaa linambana, anadhani kanenepa, anarudi kununua lingine. Mpango mzima ni wa dunia nzima huo.

– Acheni hizo, alisema Elia. Huyo mama hana mume, basi. Mwenye mume avae gizani kwa nini?

– Anaye, alisema Mansuri, ila mume ndiye anayeomba taa izimwe!

Benchi zima likalipuka. Stefano naye akacheka, na kwa kuwa hakutaka kuonekana amepooza, akaongeza:

– Tena huenda mume ndiye aliyekigeuza kioo, alikihurumia!

Takwimu alicheka mpaka kahawa ikampalia. Stefano alipogeuka kumpiga mgongoni, akamwona Rahel. Alikuwa amesimama hatua tatu nyuma ya benchi, fuko la mchele mkononi, mzigo aliotoka kuupokea stendi.

– Shemeji! aliita Elia. Shikamoo! Karibu kahawa. Umemsikia mzee wetu huko dukani?

– Marahaba, Elia. Nimemsikia tangu stendi.

Uso wake ulikuwa umetulia. Hakumtazama mumewe.

– Nina swali moja tu, alisema. Huyo mama wa kwenye tangazo, aliombwa ruhusa?

Elia aligeuza kiatu mkononi.

– Si mtu wa kweli huyo, shemeji, alisema Takwimu mwishowe. Wa kutunga. Au vipi, Spika?

Stefano alifungua mdomo. Akisema ni wa kutunga, anadanganya mbele ya mwenyewe. Akisema yupo, watauliza ni nani. Akaufunga, akainamia kikombe chake.

– Basi, haya. Kunyweni kahawa, alisema Rahel, akashika njia.

Stefano alinyanyuka, akamfuata, akamfikia kwenye kona.

– Mama Jesca...

– Usinifuate, alisema Rahel bila kusimama. Sauti yake sasa ilitetemeka. Ukinifuata watajua ni mimi. Rudi ukakae nao.

– Nisamehe.

– Nilikwambia wewe, Stefano. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote.

Akaenda. Stefano alibaki pale kona. Kisha akavuka, akaingia kwa Yasmin, akamwomba azime tangazo.

– Baba, lakini linaleta watu!

– Nitakurekodia lingine bure. Hili lifute, mwanangu. Nakuomba.

Yasmin alimtazama usoni, akazima bila kuuliza zaidi.

Stefano aliporudi kwenye benchi, walikuwa wamemwachia nafasi yake. Mansuri alimmiminia kikombe kingine.

– Haya Spika, alisema Elia, sasa kwa upole. Shemeji ametuacha kwenye mataa. Huyo mama yupo, hayupo?

– Hayupo, alisema Stefano. Nilimtunga.

– Nilijua tu.

Wakahamia kwenye habari za mpira. Stefano alitamani kuondoka, lakini kuondoka mapema kungekuwa jibu. Basi akakaa, kikombe kikipoa mkononi, mpaka Mansuri alipoinamisha dele na halikutoka hata tone.