Bibi Nyaya na Sebule ya Shemeji

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee habari za dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Nyaya hadi mkasahau kwamba alikuwa na jina.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba za watumishi wa reli, mtoto wa tatu kati ya sita, na mama alizoea kusema kwamba huyu alijua kufungua saa ya ukutani kabla hajajua kufunga vifungo vyake. Baada ya shule ya msingi na sekondari, mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi, msichana peke yake katika darasa la umeme, akahitimu 1976 na kuajiriwa katika shirika la simu, alikopanda nguzo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa malori, mpenzi wa mambo mawili tu, taarifa ya habari na kiti chake cha sebuleni, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2012, akiwa amechoshwa na moshi wa nyaya zilizochomwa jalalani ili kupata shaba, moshi uliokuwa ukiingia hadi madarasani kwa wajukuu zake, alianzisha kikundi cha Washa Tena, majirani wakaleta redio zilizonyamaza, pasi, feni na televisheni za zamani zenye chogo, kinachotengenezeka kikapelekwa kwa kaya isiyo nacho, kisichotengenezeka kikachambuliwa bila kuchomwa. Karakana ilikuwa sebule ya shemeji, na kanuni ilikuwa kwamba chochote kilichowekwa juu ya meza ni mali ya kikundi. Shemeji aliisahau kanuni hiyo siku aliyonunua redio mpya, akaiweka mezani, akaenda kuoga, na alipotoka akaikuta vipande vipande mbele ya wastaafu waliokuwa wakijifunza kulehemu, spika yake ikiwa tayari imehamia kwenye redio ya mjane wa mtaa wa pili. Alinuna wiki nzima, akaapa kwamba ipo siku ataidai sebule yake.

Februari 2024 dada aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, lakini kilichomkosesha raha kilikuwa hofu kwamba akiondoka sebule itafagiwa na nyaya zitarudi motoni, na kumwomba mumewe aliona haya, maana alishamnyima kiti chake miaka kumi na miwili. Alifariki alfajiri ya tarehe 19 Septemba 2024 hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, bila kumwomba hilo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha nasi, wastaafu wenzake wa simu, na wanakikundi mliohamisha vyombo vyote vya karakana ili wafiwa wapate pa kukaa. Kuhusu vyombo hivyo, shemeji ametuagiza tuwaambie mvirudishe sebuleni Jumamosi ijayo, vyote, na kiti chake mkisogeze mezani, kwa kuwa anataka kufundishwa kulehemu.

Basi dada yetu tuliyekupenda, pumzika kwa amani, kazi yako imepata mwenyewe.