Unga Nilomtilia Binti Yangu Kwenye Wali

Assalamu alaykum, mama zangu. Nimeombwa nianze mimi kwenye kikao chetu hiki cha kina mama, basi mnistahamilie.

Binti yangu ana Asperger, aina ya usonji. Jina hilo tulilijua akiwa na miaka kumi na tatu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, hapa hapa mtaani kwetu Azaiba. Darasani hodari, lakini mezani ilikuwa shida: wali mweupe, mkate mkavu, maziwa, basi. Akisikia harufu ya samaki jikoni, anatoka nje. Jamaa wakanambia nimemdekeza.

Wifi yangu akaniletea makopo ya vidonge na unga wa vitamini. "Mwachishe ngano na maziwa, mpe hivi. Atakuwa kama wenziwe."

Kama wenziwe. Nyinyi mnajua neno hilo linavyomwingia mama. Nikamwachisha. Vidonge akavitema, basi ule unga nikautia kwenye wali kwa siri.

Akaonja kijiko kimoja, akaniangalia, akaisukuma sahani. Tangu siku ile wali wangu hakuugusa tena. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa naiona mifupa ya mabega ya mwanangu inatokeza kwenye sare ya skuli, na bado najipa moyo kuwa dawa itafanya kazi. Mpaka skuli wakanipigia simu: ameanguka mstarini.

Hospitali daktari alimpima damu, kisha akamuuliza yeye, si mimi, "Kwa nini huli?"

"Wali wa mama umebadilika, na mama hakunambia."

Nililia pale pale. Daktari akanambia taratibu, "Hakuna kidonge cha kumwondolea Asperger, bibi. Damu yake ina upungufu wa madini ya chuma, hayo tutampa. Vyakula vyake mrudishie. Kipya kiweke pembeni, mwambie ni nini, na akikataa mwache."

Haikuwa rahisi. Yai lilikaa pembeni miezi kabla hajaligusa. Leo anakula yai, tende na kuku wa kuchoma, na mwili umerudi. Wali anajipikia mwenyewe. Wangu hali, na simlaumu.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na nyinyi mliokaa kitako nami siku zile. Wifi yangu pia, alinitakia kheri. Lakini kabla ya kidonge chochote muulizeni daktari, na mtoto mwambieni kilichomo kwenye sahani yake. Njaa ya mwanangu iliondoka kwa chakula. Kuniamini tena, hilo mimi bado nalingoja.